Mwaka Tuliobeba Cherehani Kwenda Sibwesa

Hapa Majengo, Mpanda, yupo fundi wa kuchomelea anayetengeneza mikokoteni kwa ekseli za magari mabovu. Kila nikipita mbele ya karakana yake napokewa na harufu ya grisi iliyopigwa na jua, na kila mara najikuta nimepunguza mwendo. Si harufu nzuri, nikwambie ukweli. Grisi ikishagusa gauni, gauni hilo limeshakuwa la kudekia. Lakini kwangu mimi harufu ile ni mwezi wa kumi na moja, mawingu yameanza kujikusanya, na baba amelala chali chini ya mkokoteni, anapaka ekseli grisi kwa kidole huku akiimba wimbo wa kanisani ambao hakuwahi kuujua zaidi ya ubeti wa kwanza.

Nyumba yetu ilikuwa Majengo, lakini shamba letu lilikuwa Sibwesa. Siku hizi mtu anapanda bodaboda asubuhi na mchana anakula huko huko. Wakati wa utoto wangu tulikwenda kwa mkokoteni wa maksai, siku tatu, tukilala njiani mara mbili, tena hapo kila kitu kiwe kimekwenda sawa. Kila mwaka, mvua zikikaribia, familia nzima ilifunga mlango na kuhamia kwenye kibanda cha shamba mpaka palizi iishe. Mwalimu wangu alishazoea kuniona darasani wiki mbili tatu baada ya wenzangu, na aliponiuliza nilikuwa wapi, alikuwa anauliza kwa kutimiza wajibu tu.

Wapo watu wanaodhani kupakia mzigo ni kurundika. Mimi hao sielewani nao. Nimeshagombana na makonda wa mabasi, na vijana wa kubeba mizigo, na mume wangu mwenyewe tulipokuwa tunakwenda kwenye harusi na gari la kuazima. Msinilaumu. Nimelelewa na mtu ambaye kupakia mkokoteni mmoja kulimchukua siku mbili, na katika siku hizo mbili hakuna aliyeruhusiwa kumsemesha habari nyingine.

Baba alikuwa Msukuma aliyekuja Mpanda akiwa kijana, mtu mfupi, mpole, mwenye maneno machache na sheria nyingi. Sheria ya kwanza ilikuwa kwamba kinachohitajika mwisho ndicho kinachopanda kwanza. Kwa hiyo plau na minyororo yake, ambavyo havina kazi mpaka mvua inyeshe, vililala chini kabisa, juu ya ekseli. Vikafuata viroba vya mbegu za mahindi, magunia ya karanga za kupanda, majembe, mikeka, mablanketi, kisha turubai. Unga, chumvi, sufuria moja na maji vilikaa nyuma, mahali ambapo mama angeweza kuvifikia bila kumwomba mtu. Kiberiti hakikupakiwa kabisa. Hicho kilisafiri kwenye pindo la kitenge cha mama.

Kisha kitu chochote chenye kelele kilinyamazishwa. Vijiko vilivishwa maganda ya mahindi, mfuniko wa sufuria ulitiliwa kitambaa, jerikeni zilijazwa mpaka shingoni ili maji yasichezecheze. Baba alishikilia kwamba kelele humchosha ng'ombe kuliko mzigo. Sijawahi kupata mtu wa kunithibitishia jambo hilo, lakini mpaka leo vijiko vikigongana ndani ya gari nasimamisha safari. Mwisho wa yote, chini nyuma, alining'iniza kopo la kinyesi cha ng'ombe kikavu kilichokuwa kikifuka moshi polepole, kwa ajili ya kufukuza mbung'o wa kule msituni. Mbung'o wa Katavi akikuuma unajua umeumwa, na ng'ombe akiumwa nao sana anaweza kukonda mpaka afe.

Maksai wetu walikuwa wawili. Sultani alikuwa mweusi, mnene, mwenye kiburi, hakutaka kuguswa masikio. Karani alikuwa mweupe mwenye madoa meusi usoni, kana kwamba alilalia wino, na ndiyo maana akapewa jina hilo. Huyo ndiye aliyekuwa wangu. Nilimlambisha chumvi kiganjani kila jioni, naye alikuwa na adabu ya kunisubiri nifungue vidole mwenyewe.

Sasa niwaeleze jambo ambalo wengi hawalijui. Mkokoteni wa magurudumu mawili una tabia yake. Mzigo ukielemea nyuma, ule mti mrefu wa mbele unaofungiwa nira unapanda juu, na ng'ombe wanakabwa koo. Ukielemea mbele, mti unashuka, nira inawakandamiza shingo, na kwa safari ya siku tatu shingo itachubuka mpaka nyama ionekane. Watu wengi walipima kwa macho. Baba alipima kwa mtoto.

Mzigo ukishafungwa kamba, kabla ng'ombe hawajaletwa, alimwita mtoto na kumwambia aunyanyue ule mti kwa mkono mmoja mpaka usawa wa kiuno, aushikilie hapo huku akihesabu mpaka kumi. Mtoto akiweza bila kutetemeka, mzigo umekaa sawa. Akishindwa, kamba zinafunguliwa na kila kitu kinapangwa upya, hata kama jua limeshapanda na majirani wamekuja kutuaga mara mbili. Baba alijifunza hivyo kwao, na yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa kupimia kabla hajawa mtu wa kupakia. Kaka yangu Masanja alifanya kazi hiyo mpaka alipopata misuli, na hapo hakufaa tena. Nilipotimiza miaka saba nikarithi mimi.

Baba akaacha kuniita kwa jina langu. "Mizani, kanawe mikono," alikuwa akisema, kwa sababu mkono wenye grisi huteleza. Nami nilikwenda kunawa taratibu, nikijua wananisubiri. Hakuna raha niliyoipata utotoni kama ile ya kusimama mbele ya mkokoteni huku watu wazima wote wamenyamaza wakingoja neno langu. Nikisema mwepesi, tunaondoka. Nikisema mzito, hata mama, ambaye alibishana na kila mtu kuanzia mwenyekiti wa mtaa mpaka katekista, aliinama na kuanza kufungua kamba.

Mama alikuwa Mpimbwe wa Majimoto, mrefu, mcheshi, mwenye ulimi. Alikuwa fundi wa nguo. Cherehani yake ya kukanyaga kwa miguu ilikaa barazani Majengo, na sauti yake ndiyo iliyotulaza mchana na kutuamsha. Tatizo lilikuwa kalenda. Fundi wa nguo anakula Desemba. Watu wanataka magauni ya Krismasi, sare za kwaya, suruali za watoto, na sisi Desemba tulikuwa Sibwesa tunapalilia. Mwaka uliotangulia safari ninayotaka kuisimulia, tuliporudi, mama alikuta wateja wake wamehamia kwa fundi mpya karibu na soko. Hakuwalaumu. Nani anangoja gauni la Krismasi mpaka mwezi wa pili?

Ndiyo maana mwaka huo, nikiwa na miaka tisa, mama alitoa kauli. Nilikuwa nje ya jiko nachambua mchele, na wao walikuwa ndani.

"Baba Masanja, mwaka huu cherehani inaenda Sibwesa. Kule hakuna fundi, na Krismasi kule pia ipo."

"Cherehani ni chuma kitupu, Mama Masanja. Itapandia wapi?"

"Basi mimi nabaki hapa nayo. Nyie nendeni."

Nilisikia baba akivuta kigoda.

"Mbegu siwezi kuacha," akasema. "Plau siwezi kuacha. Tutaipakia, tutapima. Mizani ikikataa, cherehani inabaki."

"Ikibaki, tunabaki wote wawili, mimi nayo. Usije ukasema sikukwambia."

Nilipigwa na butwaa na ungo mapajani. Darasani kwetu alikuwepo msichana ambaye mama yake alibaki mjini msimu mmoja wa kilimo, baba akaenda shamba na watoto. Msimu uliofuata baba yule alikuwa na mke mwingine huko shamba, na yule msichana akawa anaishi kwa shangazi. Kwa akili yangu ya miaka tisa hivyo ndivyo ndoa zilivyokufa: mama anabaki, mkokoteni unaondoka. Sikuwa na wasiwasi wa ugali wa baba, ingawa ulikuwa mgumu nje na mbichi ndani. Niliogopa kumpoteza mama. Niliogopa kiasi kwamba usiku ule ule niliamua nitakalosema nikiitwa kunyanyua mti.

Upakiaji wa mwaka huo ulikuwa na sura ya msiba. Baba alifungua kichwa cha cherehani, akakizungushia blanketi na kukifunga kwa kamba za katani. Lakini ile miguu ya chuma, pana, yenye mapambo na gurudumu lake, haikukunjika wala haikukubali kuwekewa kitu juu. Baba aliiweka nyuma, mti wa mbele ukaruka juu. Akaiweka katikati, magunia ya karanga yakakosa pa kukaa isipokuwa mbele. Akatoa yote, akaanza tena. Masanja alitoka jasho mpaka akavua shati. Mama alisimama barazani amefunga mikono kifuani, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimwona anatazama kazi bila kuishika.

Siku ya pili, saa tatu asubuhi, baba akakaza kamba ya mwisho. Cherehani ilikuwa katikati, magunia mbele.

"Mizani, kanawe mikono."

Nilikwenda nyuma ya nyumba kwenye pipa la maji. Nikanawa mara mbili, maana mikono ilikuwa inatoka jasho. Nilikuwa nimevaa gauni lililoshonwa na mama kwa kipimo cha kukulia, yaani lilikuwa pana lenye kuweza kunihifadhi mimi na mtoto mwingine. Nilikuwa nimeshapanga: nitasimama karibu sana na mti, na goti langu la kulia litakuwa chini yake, ndani ya gauni.

Nilirudi mbele ya mkokoteni. Nikashika. Ule mti haukunyanyuka. Nilikuwa nimeutegemea mzito, lakini si hivyo. Nikavuta pumzi, nikasogeza goti, nikasukuma kwa goti na kuvuta kwa mkono, na mti ukapanda. Nilihesabu kwa sauti, nikitabasamu. Moja, mbili, tatu. Kufikia sita, paja lilikuwa linawaka. Nikaharakisha saba, nane.

"Taratibu," baba akasema.

Nikasema tisa. Nikasema kumi. Nikaushusha polepole kama mtu asiyeona shida.

"Vipi?"

"Mwepesi."

Baba alinitazama kidogo zaidi ya kawaida yake. Kisha akamgeukia Masanja na kumwambia alete ng'ombe. Mama aliingia ndani, akatoka na kikapu cha nyuzi na mikasi, akafunga mlango kwa kufuli. Aliponipita alinishika kichwani. Nilifurahi mno. Sikutaka kujua nimemdanganya nani, wala gharama yake nani atailipa.

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri, au niseme iliniendea vizuri mimi. Nilitembea pembeni ya mama, yeye akiniambia nani huko Sibwesa ataanza kushona nini. Mama wa jirani yetu wa shamba alikuwa na mabinti wanne, hao peke yao walikuwa magauni manne. Tulilala kijiji cha kwanza kwa watu waliotufahamu. Nilipompelekea Karani chumvi alilamba kidogo tu, akageuza kichwa. Nikajiambia amechoka.

Siku ya pili njia ilipanda na kushuka vilima. Kwenye mteremko mzigo wote hujaa mbele, na uzito ule unaishia shingoni mwa ng'ombe. Sultani alikuwa na shingo nene na hasira za kumsaidia. Karani hakuwa nazo. Kabla ya saa sita akaanza kutembea kichwa kimeinama upande, kisha akasimama. Baba hakumpiga. Baba hakuwahi kumpiga ng'ombe aliyesimama, alisema ng'ombe akisimama ana habari ya kukuambia. Alifungua nira, akatoa gunia kuukuu lililokunjwa kuwa mto wa shingo. Gunia lilikuwa limelowa. Chini yake ngozi ya Karani ilikuwa imetoka, kipande cha ukubwa wa kiganja changu, na pale ambapo ngozi haipo palikuwa pekundu na panang'aa.

Nilitaka ardhi ifunguke. Nilimtazama baba akiitazama ile shingo, kisha akautazama mti wa mkokoteni, kisha hakumtazama mtu yeyote.

"Shingo ya Karani ni laini," akasema. "Tangu zamani ni laini."

Hiyo haikuwa kweli. Karani alikuwa amelima misimu minne bila hata mchubuko. Masanja alifungua mdomo kusema hivyo, akaona uso wa baba, akaufunga. Na mimi nilikaa kimya. Hapo ndipo ningeweza kusema. Ningeweza kusema goti, gauni, mzito, na mambo yangeishia pale kwa kuchapwa. Nilimwangalia mama, na mama alikuwa ameshaanza kufungua kamba.

Alikitoa kichwa cha cherehani ndani ya blanketi, akasokota ngata, akajitwika. Kile chuma kiliwahi kumshinda Masanja kukibeba kutoka barazani hadi chumbani. Mama alikibeba kichwani kutwa ile na kutwa mbili zilizofuata, akishika kwa mkono wa kulia, akibadilisha na wa kushoto, na hakulalamika hata mara moja, jambo lililotutisha zaidi kuliko angepiga kelele. Baba alibeba gunia la karanga. Masanja kiroba. Mimi nilipewa tenga la kuku. Karani alifungwa nyuma ya mkokoteni atembee bure, na Sultani akavuta na baba, baba ameshika upande wa pili wa nira kwa mkono usioshika gunia. Siku tatu zikawa nne. Kila tulipopumzika nilikwenda kufukuza inzi kwenye ile shingo kwa tawi la majani, nikilia, na wote wakadhani nalia kwa huruma. Ilikuwa huruma, lakini haikuwa huruma peke yake.

Mvua zilianza siku ya pili baada ya kufika. Mwenye kujua kilimo anaelewa maana yake. Sultani hakukubali kulima peke yake, Karani hakuweza kugusa nira, na majirani wote walikuwa wanatumia ng'ombe wao. Baba akamwekea Karani ile dawa ya bluu ya vidonda kila asubuhi, na sisi tukashika majembe ya mkono. Tulilima nusu ya shamba. Ile nusu nyingine ilibaki majani, na baba alipita kando yake kila siku kwenda kisimani bila kugeuza uso.

Cherehani ikafungwa chini ya banda la nyasi. Wiki ya kwanza alikuja mama wa wale mabinti wanne. Wiki ya pili walikuja watu wa kwaya. Kufikia katikati ya Desemba watu walikuwa wanatoka vijiji vya mbali na vitambaa vyao chini ya kwapa, wanalipa kwa debe la mahindi, maharage, mafuta, kuku, kilichopo. Mama alishona mpaka vidole vikafanya sugu. Baba naye, mtu wa sheria zake, alijifunza kushona vifungo, akawa anakaa mlangoni na sindano jioni, anavishona kwa kukaza kama kamba za mkokoteni. Shati lake lingechanika mwili mzima, vifungo vingebaki. Mavuno yalipoingia tulikuwa na chakula cha mwaka, na zaidi ya nusu yake hakikutoka shambani kwetu.

"Mwaka huu imelima cherehani," baba aliwaambia majirani, na watu wakacheka, na mama akacheka kuliko wote. Hakuna aliyezungumza tena habari ya kubaki Majengo. Kila mwaka baada ya hapo cherehani ilikwenda, ila baba alikodi mkokoteni wa pili.

Karani alipona jeraha, lakini hakukubali nira tena. Ukimsogelea nayo alitetemeka mwili mzima na kurudi nyuma. Baba alijaribu kwa mwezi, kwa upole, akimwekea nguo laini, akimwimbia ule ubeti wake mmoja. Mwisho akampeleka mnadani. Maksai asiyevuta hanunuliwi na mkulima. Ananunuliwa na mwenye bucha, na hata mimi wa miaka tisa nilijua hilo. Asubuhi walipomchukua nilimlambisha chumvi, akasubiri nifungue vidole.

Sikuwahi kusema. Nilisoma, nikaolewa, nikazaa, nikawa mtu wa kuwafokea makonda. Watu wa nyumbani walipokumbushana mwaka wa cherehani walisimulia jinsi mama alivyojitwika chuma, jinsi tulivyokula magunia ya mahindi ya kushonea watu, na walipofika kwa Karani walisema shingo yake ilikuwa laini. Baada ya miaka mingi hata Masanja akawa anasema hivyo, na anaamini.

Mwaka jana nilihamia kwenye nyumba yangu mpya. Baba, ambaye sasa anatembea kwa fimbo, alikuja kusimamia upakiaji. Mama alishatangulia kule na funguo. Nilimwekea baba kiti uani, na kutoka kwenye kiti hicho aliwatesa wale vijana wa kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, asubuhi nzima. Friji lishuke, lisogee, lipande tena. Vijana wakaenda kunywa soda ili waepukane naye kidogo. Tukabaki wawili, tunatazama mzigo, na sijui nini kilinisukuma.

"Baba," nikasema, "mwaka wa cherehani ule mti ulikuwa mzito. Niliusukuma kwa goti."

Hakushtuka. Alikuwa anatazama kamba.

"Najua. Niliunyanyua mwenyewe wewe ulipokwenda kunawa. Kwa mkono mmoja ulikuwa mzito hata kwangu."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Sasa mbona ulinipimisha?"

Alipigapiga fimbo chini.

"Ningesema mzito, mama yako angebaki. Ningesema mwepesi, ningekuwa mwongo mbele ya watoto wangu. Nikaona bora useme wewe."

Niseme kweli, nilikasirika. Miaka yote ile nilijua kosa langu ni moja, nimedanganya, na ng'ombe akafa kwa uongo wangu. Nililibeba peke yangu, nikiwa mtoto, nikiwa mama wa watoto. Kumbe nilipokuwa nahesabu mpaka kumi na goti linawaka, baba alikuwa amesimama pale anajua, ananingoja nidanganye. Na yale maneno ya shingo laini sikuyaelewa mpaka siku hiyo. Miaka yote nilidhani baba amekosea juu ya Karani. Kumbe alikuwa ananificha mimi, na papo hapo anajificha yeye. Nikamwambia yote hayo, na sauti ilinipanda, na yule mzee alisikiliza bila kunikatiza.

"Nilikuwa na miaka tisa, baba," nikamalizia.

"Ndiyo," akasema. "Na mimi nilikuwa mtu mzima. Nisamehe, mama."

Nilimsamehe palepale, kwa upande wangu. Upande wa Karani hatukuwa na wa kumwomba, si yeye wala mimi.